Kabla hujamtia chura kiooni

*Fundi vioo wa Mbagala atakutengenezea tangi kwa siku moja. Kujua nini kiishi ndani yake, na kwa ruhusa ya nani, ndiko kunakotaka muda.*

Umeme ukikatika Chamazi, Dar es Salaam, usiku wa joto, watu huwaza friji na feni. Kwenye nyumba yenye tangi la samaki sebuleni, kinachowazwa kwanza ni pampu. Dakika za mwanzo hazina neno. Saa ya kwanza nayo hupita. Baada ya hapo samaki huanza kupanda juu, midomo ikifunguka na kufumba pale maji yanapokutana na hewa, na mwenye tangi hushika kikombe akawa anachota maji na kuyamwaga tena kutoka juu ili yapate hewa, hadi taa zirudi au usingizi umshinde.

Joto ndilo linaloongeza mzigo. Maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa kila lita. Yakifika nyuzi 30, hubeba kama miligramu 7 na nusu tu. Nyumba ya bati isiyo na dari, mwezi Februari, hufikisha maji hapo bila shida, na samaki aliye kwenye joto huhitaji oksijeni zaidi, si pungufu.

Hiyo ni shida ya tangi la samaki peke yake. Anayetaka kuongeza vyura juu yake anajiongezea nyingine nyingi. Ndilo jambo tulilotumwa kufuatilia: mkazi wa Chamazi mwenye sebule ya kawaida, maji ya kisima na umeme wa kukatika, anaweza kuwafuga samaki na vyura katika sanduku moja la kioo, nusu maji na nusu nchi kavu? Na kama anaweza, je, afanye hivyo?

Sanduku la daktari wa London

Wazo la kufungia kipande cha ardhi ndani ya kioo lilipata nguvu London, enzi za moshi wa makaa ya mawe. Mwaka 1829 daktari Nathaniel Ward aliweka pupa wa nondo kwenye udongo wenye unyevu ndani ya chupa iliyofunikwa, akisubiri nondo atoke. Badala yake akaona kangaga na nyasi zikichipua, wakati makangaga ya bustanini kwake yalikuwa yakifa kwa moshi. Unyevu uliopanda mchana uliganda kwenye kioo na kurudi udongoni.

Mwaka 1842 alichapisha kitabu juu ya ugunduzi huo, na masanduku ya aina yake yakasafirisha miche hai baharini kwa miezi mingi. Wafugaji waliofuata wakatia ndani samaki, mijusi na vyura. Sanduku la namna hiyo ndilo linaloitwa vivariamu.

Uzito, makumbi na chandarua cha dawa

Tuanze na uzito, maana hapo ndipo meza huvunjika. Sanduku la sentimita 90 kwa 45, likitiwa maji ya kina cha sentimita 20, limebeba lita 81, yaani kilo 81 za maji matupu. Ongeza kokoto, mawe, udongo na kioo chenyewe, unavuka kilo mia moja. Meza ya televisheni haiwezi. Inatakiwa stendi ya chuma iliyochomelewa au msingi wa matofali, kando ya ukuta usiopigwa na jua la mchana.

Vioo huunganishwa kwa silikoni, na si kila silikoni inafaa. Ile ya bafuni huchanganywa na dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo huwadhuru samaki. Fundi wa madirisha ya alumini huenda hana sababu ya kujali tofauti hiyo, kwa hiyo mwenye tangi ndiye asome maandishi ya kwenye tyubu. Kisha tangi liachwe likauke hadi harufu kali iishe, lijazwe maji nje ya nyumba na kuachwa usiku kucha kabla ya kuingizwa sebuleni.

Upande wa nchi kavu hujengwa kwa tabaka. Chini kokoto zilizooshwa, juu yake wavu, halafu makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Hapa mtu wa Pwani amejaliwa. Wafugaji wa Ulaya hununua makumbi yaliyokaushwa na kugandamizwa kama tofali, nasi tunayapata bure nyuma ya kibanda cha muuza madafu. Hushika unyevu na hayaozi upesi. Yaloweke na kuyabadilishia maji mara kadhaa, kwa sababu makumbi ya ukanda wa bahari huwa na chumvi.

Wavu ndio mtego. Karibu kila nyumba ina chandarua kilichochakaa, na mkono huenda huko kwanza. Usithubutu. Vyandarua vingi vya kuzuia malaria vimetiwa pyrethroidi, dawa ambayo mwili wa binadamu huivumilia lakini samaki hufa kwa kiasi kidogo mno, na viluwiluwi vya chura navyo havipo salama. Tumia wavu wa plastiki wa madirishani usio na dawa. Kwa sababu hiyo hiyo, dawa ya kupulizia mbu na mende haina nafasi katika chumba chenye vivariamu. Familia isiyoweza kuiacha dawa hiyo isifuge kitu sebuleni.

> Chandarua chenye dawa hakifai hata kwa kufunikia tangi. Kinachomuua mbu humuua na samaki.

Maji nayo. Ya bomba la DAWASA hutiwa klorini. Yaache kwenye ndoo isiyofunikwa kwa siku nzima kabla ya kuyatumia. Ya kisima yanahitaji tahadhari zaidi, kwani visima vingi vya ukanda huu vina chumvi. Chura hanywi kwa mdomo kama sisi. Hufyonza maji kwa ngozi, na sehemu ya hewa yake huipata kwa ngozi hiyo hiyo. Maji ya chumvi humkausha mwili akiwa amekaa ndani yake. Mvua ya bati, baada ya manyunyu ya kwanza kuosha vumbi, ndiyo bora, na Masika na Vuli hutupatia ya kujaza mapipa.

Halafu subira, ambayo wengi hawana. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa aina moja huigeuza kuwa nitriti, sumu nyingine. Wa aina ya pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo mimea huila. Bakteria hao huhitaji takriban wiki 4 hadi 6 kujijenga kwenye kokoto na kwenye sponji la chujio. Anayenunua tangi Jumamosi na samaki Jumapili huzika samaki kabla ya mwezi kwisha, kisha humlaumu muuzaji. Kipande cha sponji chafu kutoka tangi la zamani lenye afya hufupisha kazi hiyo sana.

Kuhusu umeme, busara ni kuchagua viumbe wanaoiweza Chamazi. Samaki wachache, uso mpana wa maji, mimea mingi. Betta wa Asia, kwa mfano, huvuta hewa ya juu ya maji, hivyo pampu kuzima si janga kwake. Chujio likikaa muda mrefu bila mkondo, bakteria wake hufa, basi lisuuzwe kwa maji ya tangi kabla ya kuwashwa tena. Hita haihitajiki Dar es Salaam, na hiyo ni gharama moja iliyopungua. Lakini joto hilo hilo ndilo linalowafungia mlango viumbe wa milimani. Chura wa ukungu wa Uluguru au Usambara akiletwa Chamazi ameletwa kufa.

Vyura 499 ndani ya ndege

Mtanzania anayetaka kujua sanduku la kioo linaweza nini, na linashindwa wapi, hana haja ya kwenda mbali. Aanzie Kihansi.

Mwaka 1996, wakati mradi wa umeme wa Kihansi ukijengwa, watafiti waliokuwa wakichunguza korongo la mto huo katika Milima ya Udzungwa walikuta chura mdogo wa rangi ya manjano ambaye sayansi haikuwa ikimjua. Aliitwa *Nectophrynoides asperginis*. Miongoni mwa waliomwandika kisayansi alikuwemo Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Makazi yake yote duniani yalikuwa kama hekta 2 za majani yaliyolowa kwa manyunyu ya maporomoko. Mkubwa wao hafiki sentimita 3. Hatagi mayai majini kama vyura wengi. Huzaa watoto waliokamilika, wa nusu sentimita hivi.

Mitambo ya megawati 180 ilipoanza kufanya kazi, maji ya mto yalielekezwa kwenye handaki, na takriban sehemu 9 kati ya 10 za maji yaliyokuwa yakishuka korongoni zikaondoka. Manyunyu yakakoma. Novemba 2000, vyura 499 walikusanywa na kupelekwa Marekani kwa ndege, chini ya usimamizi wa Bronx Zoo ya New York. Korongoni kwenyewe yalifungwa mabomba ya kunyunyiza maji ili kuiga maporomoko.

Kwa muda ilionekana yamesaidia. Mwaka 2003 vyura wa korongoni wakaporomoka ghafla, na miongoni mwa waliokufa kukakutwa kuvu aitwaye *Batrachochytrium dendrobatidis*, muuaji wa vyura katika mabara mengi. Mwaka 2009 shirika la uhifadhi duniani, IUCN, lilitangaza kuwa chura wa Kihansi ametoweka porini. Waliobaki duniani walikuwa ndani ya vioo.

Na humo ndani mambo hayakuwa mepesi. Waliowapokea walikuwa na madaktari wa wanyama, maabara na wafanyakazi wa zamu. Hata hivyo, kufikia Desemba 2004 walikuwa wamebaki vyura chini ya 70. Ni hifadhi mbili tu, ya Bronx na ya Toledo katika jimbo la Ohio, zilizoweza kuwadumisha. Walijifunza taratibu: mwanga wenye mionzi ya urujuanimno ya kutosha, manyunyu kwa ratiba, wadudu wadogo kiasi cha kuingia kwenye kinywa kidogo namna ile. Walipoyapata hayo, vyura walianza kuzaana na idadi ikafika maelfu.

Agosti 2010, vyura 100 walirudishwa nyumbani, kwenye kituo cha kuwazalisha kilichojengwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kuanzia mwaka 2012 walianza kurejeshwa korongoni, kwanza wachache wa majaribio, kisha wengi zaidi. Walirudi kwenye manyunyu ya mabomba, si ya maporomoko.

> Wataalamu walipokea vyura 499 wakiwa na maabara na madaktari. Miaka minne baadaye walibaki pungufu ya 70.

Nchini kwetu vyura hao walizua manung'uniko makubwa. Wapo waliouliza, na wanauliza hadi leo, kwa nini chura wa kutosha kwenye kijiko aligharimu fedha za taifa ambalo watu wake wanakaa gizani. Siwadharau wanaouliza hivyo. Lakini naona jibu limeshatolewa na matokeo: mitambo inazalisha umeme na chura yupo hai. Bila vioo vile tungebaki na mitambo peke yake, na kiumbe ambaye hakuwahi kuishi kwingine duniani angekuwa picha ya kitabuni.

Somo la Kihansi kwa mwenye sebule ya Chamazi ni la wazi. Watu waliosomea kazi hiyo walipoteza mamia ya vyura kabla ya kuelewa mahitaji yao. Aliyemkamata chura mtaroni jana jioni kwa sababu amependeza hajui anakula nini, anahitaji mwanga gani wala anavumilia joto la kiasi gani. Kwa kawaida chura huyo hukaa pembeni ya kioo bila kula, akakonda, akafa.

Samaki wa Soga na Kiparang'anda

Upande wa samaki kuna habari ya kufurahisha, na inasikitisha kuwa wakazi wengi wa Dar es Salaam hawajaisikia.

Katika madimbwi ya msimu ya ukanda wetu wa pwani wanaishi samaki wadogo wa jenasi ya *Nothobranchius*. Madume yana rangi nyekundu, samawati na dhahabu ambazo ungedhani zimechorwa. Dimbwi likijaa kwa mvua, mayai yaliyokuwa yamelala kwenye matope huanguliwa. Samaki hukua mbio, hutaga matopeni, na jua likikausha dimbwi wote hufa. Mayai hubaki ndani ya udongo mkavu hadi mvua nyingine. Kwa spishi moja ya Msumbiji na Zimbabwe, *Nothobranchius furzeri*, watafiti waliripoti mwaka 2018 kwamba porini hukomaa ndani ya wiki 2 hivi tangu kuanguliwa. Maisha hayo mafupi ndiyo yamewafanya samaki hawa wapendwe na maabara zinazochunguza uzee.

Unguja ina wake, *N. guentheri*, aliyejulikana kwa sayansi tangu mwaka 1893. Bara kuna *N. foerschi*, *N. eggersi*, *N. melanospilus* na wengine kadhaa. Wafugaji wa Ulaya hutenganisha kila ukoo kwa jina la mahali ulipotoka, kwa hiyo kwenye matangi ya Ujerumani na Uholanzi yameandikwa majina ya kwetu: Soga, Ruhoi, Kiparang'anda. Kiparang'anda ipo Mkuranga. Ukitoka Chamazi ukashika Barabara ya Kilwa kuelekea kusini, si safari ya kubeba chakula.

Samaki hawa wameumbiwa maji ya moto, yenye matope na oksijeni kidogo. Umeme wa kukatika hauwatishi kama unavyowatisha samaki wa kuagizwa. Kuwazalisha kunahitaji bakuli, makumbi yaliyolowekwa vizuri na uvumilivu. Jike hutaga kwenye makumbi. Makumbi hukamuliwa, huhifadhiwa kwenye mfuko yakiwa na unyevunyevu kwa miezi kadhaa, kisha hutiwa maji. Vifaranga huonekana baada ya saa chache. Mwalimu wa biolojia angepata somo gani bora kuliko hilo?

Madimbwi yao yanafukiwa. Mbagala, Chamazi, Kongowe na kuendelea mpaka Mkuranga, mji unasogea, na kiwanja chenye maji ya msimu ndicho huuzwa bei nafuu, kikamwagiwa kifusi, kikapandishwa msingi. Simlaumu anayejenga, kwani anatafuta pa kulala watoto wake. Ila kila dimbwi linalofukiwa laweza kuwa limefunika mayai ya samaki ambao jamaa zao wanatunzwa kwa bidii ng'ambo na hawajulikani mtaa wa pili.

Wapenzi wa samaki watauliza kuhusu wale wa Kigoma, wanaouzwa dunia nzima kwa rangi zao. Ni wazuri kwelikweli, lakini Ziwa Tanganyika lina maji magumu, ya alkali, yenye pH inayokaribia 9. Sanduku linalowafaa wao halimfai chura. Wapewe lao.

Mama mwenye nyumba, jirani na nyoka

Upinzani wa kwanza dhidi ya vivariamu hautoki serikalini. Hutoka jikoni na ng'ambo ya ua.

Mama mwenye nyumba huuliza kuhusu mbu, na ana haki. Dar es Salaam ilikumbwa na mlipuko wa homa ya dengi mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mbu wake, *Aedes*, huuma mchana na hutaga kwenye maji safi yaliyotulia, kama ya ndoo, tairi au chombo cha maua. Sanduku lenye maji lisilo na samaki wala kifuniko ni kiwanda cha mbu sebuleni. Lenye samaki wadogo wenye njaa ni kinyume chake, maana viluwiluwi vya mbu ndicho chakula wanachokipenda. Jibu linategemea utunzaji.

Jirani huuliza kuhusu nyoka. Naye ana hoja, maana vyura huvuta nyoka, na ua wenye nyasi ndefu na vyura wengi huongeza uwezekano wa kukutana naye. Bibi wa nyumba ya tatu anaamini chura aliyeingia ndani ametumwa. Imani hiyo ipo, haiondoki kwa kuchekwa, na mwenye vivariamu asiyezungumza na majirani zake mapema atajikuta akituhumiwa kwa jambo lisilohusiana na samaki.

Kuna na hoja ya sumu. Chura mweusi mwenye mistari myekundu au ya chungwa anayepatikana ukanda huu, *Phrynomantis bifasciatus*, hutoa ute wa ngozi unaoweza kuwaua vyura wengine waliowekwa naye chombo kimoja na kumwasha binadamu mwenye mkwaruzo. Mtoto anayemshika chura yeyote anawe mikono kwa sabuni, baada ya kumshika na kabla pia, kwa sababu mafuta na dawa za mikononi mwetu hupenya ngozi ya mnyama huyo.

Kibali kwa nani

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inataka kibali kwa anayekamata au kumiliki mnyamapori, na haikuandikwa kwa ajili ya tembo na chui peke yao. Vyura wa jenasi ya chura wa Kihansi wamo kwenye orodha ya kwanza ya mkataba wa kimataifa wa CITES, ile yenye ulinzi mkali kabisa. Samaki wako chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi, baada ya miaka ya malalamiko kuhusu biashara hiyo.

Wahifadhi wanasema ukiruhusu kila sebule iwe na chura, kesho kutakuwa na mtu msituni Pugu na Kazimzumbwi akiwakusanya kwa mifuko. Soko likishaanza, kulizima ni kazi. Nimeiona nguvu ya hoja hiyo katika kila biashara ya wanyama hai iliyowahi kufanyika nchini.

Wapenzi wa viumbe wanajibu kuwa mtu halindi asichokijua. Mtoto aliyekua akiona chura kama uchafu wa mtaroni hatasimama kumtetea siku tingatinga likifika. Na mafundi vioo, wachomeleaji na wanaofuga funza wa chakula cha kuku wangepata kazi ya ziada. Hoja hii nayo naiamini.

Lakini ipo hatari ambayo pande zote mbili huigusa kwa haraka mno: kinachotoka nje ya kioo. Gugumaji lilipendwa kama ua la mapambo kabla halijafunika ghuba za Ziwa Victoria. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulihesabu spishi 501 za vyura na jamaa zao zilizopungua duniani kwa sababu ya kuvu wa aina ile iliyokutwa Kihansi, 90 kati yake zikidhaniwa zimetoweka kabisa. Uchunguzi wa vinasaba wa mwaka 2018 ulionyesha asili ya kuvu huyo ni Asia Mashariki, na biashara ya viumbe hai ndiyo inayotajwa kumsambaza.

Kuvu huyo hustawi kwenye ubaridi wa nyuzi 17 hadi 25. Joto la Chamazi humdhoofisha, kwa hiyo tangi linaweza kuonekana salama. Ndoo ya maji hayo ikipandishwa Udzungwa au Usambara pamoja na mmea wa zawadi, ubaridi wa huko humpa nguvu.

> Maji ya tangi yasimwagwe mtoni wala mtaroni. Yamwagwe kwenye udongo mkavu, mbali na dimbwi lolote.

Msimamo wetu

Baada ya kuyapima hayo, jibu la swali letu ni mawili. Samaki, ndiyo. Mkazi wa Chamazi anaweza kuwafuga vizuri, kwa gharama ya wastani, akianza na mimea na maji kwa wiki kadhaa, na akipewa nafasi kisheria aanze na samaki wa ukanda wake mwenyewe waliozalishwa kwenye matangi.

Vyura wasikamatwe. Anayewapenda achimbe kidimbwi uani, kipana kama karai mbili, kina cha kifundo cha mguu, kiwe na majani pembeni na waya juu kwa ajili ya usalama wa watoto wadogo. Atie samaki wadogo wachache wamalize viluwiluwi vya mbu. Watakula na baadhi ya viluwiluwi vya chura, lakini vinavyojificha majanini hubaki. Masika ikifika vyura watakuja wenyewe. Hawahitaji kibali, mwanga wa kununua wala chakula cha kutafutiwa, na wakitaka kuondoka wataondoka.

Linabaki jambo la taasisi. Bronx na Toledo zimewaonyesha wananchi wao chura wa Kihansi nyuma ya kioo. Bronx ilianza kufanya hivyo mwaka 2010. Hapa nyumbani vituo vinavyomtunza vimejengwa kwa ajili ya kuzalisha na utafiti, na ni sawa vilindwe dhidi ya maradhi. Hata hivyo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, baraza la mazingira (NEMC) na Makumbusho ya Taifa wanaweza kukaa pamoja wakaweka vivariamu moja, imara na salama, mahali ambapo mwanafunzi wa Mbagala atafika kwa daladala. Idara ya Uvuvi na mamlaka ya wanyamapori (TAWA) nazo zitoe kibali chepesi kwa shule zinazotaka kuzalisha samaki wa madimbwi, kikiwa na sharti moja lisilo na mjadala: hakuna kinachoachiwa nje. Mvua za Vuli huanza Oktoba. Shule itakayokuwa na kibali kabla ya hapo itawahi msimu wa madimbwi.